Wimbo Mrefu wa Baba

Juzi, kwenye meza ya mitumba pale Ngamiani, niliiona kanda ileile tuliyokuwa nayo nyumbani nilipokuwa mtoto mdogo: nyimbo bora za bendi ya roki ya Wazungu, jalada limepauka. Baba aliipenda. Wimbo wa mwisho, ule mrefu wenye vinanda vingi, ukianza tu, aliacha baiskeli aliyokuwa akiitengeneza uani akaja kusikiliza, mikono ikinuka grisi.

Alipofariki, shangazi alizima redio. "Nyumba ina msiba, mwanangu."

Nikadhani ndiyo maana baba haji. Basi alasiri moja, mama akiwa bado kwenye eda, niliuweka wimbo ule kwa sauti ya juu.

Mama alitoka chumbani mbio. Hakuuzima. Mimi sikujua kifo ni nini. Yeye alijua, lakini aliketi sakafuni, akautazama mlango wa uani pamoja nami, mpaka kanda ikaisha.