Kiti cha Karibu na Mlango

Kila Jumanne fundi viatu hufika kabla ya wenzake, hupanga viti vya plastiki kwa vidole vilivyogandiwa na gundi, kisha hukaa kile cha karibu na mlango. Zamu yake ya kujieleza ikifika husema, "Leo nasikiliza tu, jamani," kwa sauti ya mtu aliyechoka hata na kuchoka. Wiki ya kumi na moja hii, na neno kwamba yeye ni mlevi hajawahi kulitamka mbele ya mtu. Wenzake hawajui kuwa alianza kwa kukaa mikutano miwili mizima chumba cha pili, kwenye kamati ya wazazi, akinyoosha mkono kuunga mkono ukarabati wa vyoo vya shule, naye hana mtoto, kwa sababu tu aliona haya kuuliza walevi wanaotaka kuacha pombe wanakutana wapi.

Leo mwanamke mwenye sare ya uuguzi amepita mlangoni mara tatu, mkoba kaukumbatia kifuani, kisha akashika kitasa cha chumba kile kile cha kamati. Fundi akainuka.

"Dada, huko wanajadili vyoo. Sisi walevi tuko huku."

Ndani wote walikuwa wamesikia. Fundi akampisha kiti chake, akaenda kukaa katikati yao.