Kaisari Kwenye Chungu cha Mhunzi

Harufu ya shaba ya kale iliyolowekwa kwenye mafuta ya zeituni si harufu ya kwetu Babati. Kwetu mtoto alikua na harufu ya samli, ya moshi wa kuni na ya samaki wa ziwani wanaoanikwa. Lakini mimi nikifumba macho, ile ya shaba ndiyo inayotangulia, kali kidogo puani kama damu, na moyo wangu huanza kwenda mbio kama wa mtoto. Ilitoka kwenye bakuli la Mama Kosta, uani kwenye mashine ya kusaga. Bwana Kosta alikuwa Mgiriki mwenye mashine ya unga wakati wa Mwingereza, na baba yangu, Baba Tluway, ndiye aliyekuwa akimimina mahindi kwenye mashine hiyo. Mama yake Bwana Kosta alikuwa kikongwe aliyekuja kwa meli kukaa na mwanawe, nasi tukamwita kwa jina la mwanawe, kama tunavyomwita mama yeyote. Alikuja na mfuko wa ngozi uliojaa sarafu za kijani, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alikuwa ameziokota tangu ubinti wake, kwenye shamba la mizabibu la kwao, kila mvua ilipoosha udongo. Akatuambia zina sura za makaisari wa Rumi. Kaisari! Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la pili tu, lakini Kaisari nilimjua kutoka kwa katekista, Mwalimu Petro, na sikuwahi kufikiri kwamba ana pua.

Masika ya mwaka ule yalikuwa ya kutisha. Barabara ya Arusha ilikatika kule Magugu, magari yakalala matopeni, na katikati ya shida hiyo mashine ikapasuka bushi, ile pete nene ya shaba ambamo mhimili wa mashine huzunguka. Wanawake waliotoka Nakwa na Singe na mahindi kichwani walirudi nayo kichwani. Mama yangu akarudia kusaga kwa jiwe, viganja vikamtoka malengelenge. Baba alikaa barazani akiangalia mvua, kwa maana mashine isiposaga naye hana kazi. Ndipo Bwana Kosta akamwita Gidamis, mhunzi wa Kibarbaig aliyekuwa akifua bangili na mishale, akamuuliza kama anaweza kumtengenezea bushi. Gidamis akasema anaweza, ila aletewe shaba. Bwana Kosta akaugeukia mfuko wa mama yake. Nakuambia, yule bibi aliukumbatia kama mtu anayenyang'anywa mtoto mchanga.

Walibishana kwa Kigiriki mpaka kuku wakatoka uani. Mwisho wake wakapatana hivi: zile zinazofanana kabisa, moja ibaki na nyingine iende motoni. Iliyo na tofauti, hata ndogo, imepona. Macho ya Mama Kosta yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo akatuita sisi watoto wawili tuliokuwa tunazurura pale, mimi Magdalena, na Udagwenga binti wa Gidamis. Na hapo uadui ukaanza, maana mimi sikutaka hata Kaisari mmoja aungue, na Udagwenga alitaka waungue wote. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba shaba itakayobaki kwenye chungu baada ya bushi itakuwa bangili yake ya kwanza. Wenzake wote walishavaa. Mkono wake ulikuwa mtupu, na alikuwa anauficha chini ya shuka la ngozi akizungumza na watu.

Basi tukaanza kazi, na sijapata tena kazi tamu kama ile. Tulizitoa kwenye mafuta moja moja, tukazisugua kwa kijiti na kitambaa, na chini ya ukijani sura ikawa inachomoza taratibu, kwanza pua, halafu jicho kubwa lililokodoa, halafu ushanga wa lulu kichwani. Mwanzoni niliona wote ni mzee mmoja. Baada ya kuzizoea, wee! Huyu ana majani kichwani, yule ana lulu. Huyu nyuma yake wamesimama askari wawili wenye bendera mbili katikati, yule askari wake wanagombea bendera moja. Hii ina lango la ngome lenye nyota juu, ile ina mbwa mwitu jike ananyonyesha watoto wa watu, tukacheka mpaka Mama Kosta akatupigia meza. Chini kabisa ya miguu ya askari kulikuwa na herufi ndogo, na bibi akatuambia hizo ndizo jina la mji uliopiga sarafu. Mimi herufi nyingi sikuzijua, ila kuzifananisha niliweza. Nikipata tofauti naruka juu, "Imepona!" na Udagwenga anasonya.

"Wewe Magdalena unaona hata visivyokuwepo," aliniambia. "Kwa macho yako nitavaa kamba mkononi."

"Vaa tu, kamba haina kutu."

"Na nyinyi mtakula mahindi mabichi kama ngedere."

Hapo alinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Kila Kaisari niliyemwokoa alikuwa anapunguza shaba ya mashine, na baba alikuwa ameshaanza kuniangalia vibaya. Nilikuwa kati ya furaha na hofu, lakini furaha ilinishinda, ukiniuliza leo nakwambia hivyo hivyo. Mama Kosta alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chake, "Wewe tazama mzuri. Tazama tena." Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuziona sarafu zile.

Siku ya kuyeyusha, mvua ilitulia. Gidamis alichimba shimo la moto nyuma ya mashine, akaweka chungu chake cha udongo na kalibu ya mchanga ya kumiminia shaba, na mivukuto ikaanza kupumua. Akazipima kwa mkono zile sarafu zilizotengwa kwa moto, akasema bushi itatoka, na ikiongezwa sarafu moja tu litabaki tone la kutosha bangili nyembamba. Udagwenga akatabasamu waziwazi. Zilikuwa zimebaki sarafu mbili hatujaziamulia. Zote Kaisari anatazama kulia, lulu kichwani, askari wawili, bendera moja, herufi zile zile. Moja ilikuwa imebakiwa na weupe wa fedha kwenye shavu, nami nilikuwa nimeipenda kupita zote. Mama Kosta alizisogeza puani kwa miwani yake ya mkono, akatikisa kichwa. "Sawasawa," akasema, na Bwana Kosta akanyoosha kiganja.

Nikasema hapana, zina tofauti.

"Iko wapi?" baba akaniuliza kwa ukali.

Sikujua iko wapi. Machozi yalikuwa yananilenga. Ndipo Udagwenga akazichukua, nadhani ili azitupe mwenyewe kwenye chungu. Akazigeuza juani. Akazigeuza tena, akainama, na niliona tabasamu linamfutika usoni.

"Zina tofauti," akasema polepole. "Ndani ya bendera. Hii ina kitone. Hii ina msalaba."

Baba yake akamsemesha Kibarbaig, maneno machache, naye akajibu huku anatazama chini. Baadaye nilimuuliza walisema nini. Akaniambia baba yake alimuuliza kama anajua anachopoteza, naye akajibu anajua. Kwao kila ukoo una mkato wake kwenye sikio la ng'ombe, na mtu akiiona alama ya mwenzake akanyamaza, basi amemwibia. "Alama haikataliwi," akaniambia, kama mtu anayeeleza kwamba maji yanalowesha.

Sarafu zile mbili hazikuingia motoni. Shaba ilimiminwa, ikajaza kalibu mpaka ukingoni, haikubaki hata ya pete. Bushi ilipopoa na kusuguliwa, Bwana Kosta akaifunga, na mashine ikalia mji mzima ukasikia. Wanawake walikuja wakikimbia, ungedhani ni harusi. Mama Kosta akaichukua ile yenye kitone, yenye weupe shavuni, akamtia Udagwenga kiganjani. Niliumia, sikatai. Naye hata hakushukuru vizuri, alimpelekea baba yake pale pale aitoboe, maana senti zetu za siku zile zilikuwa na tundu katikati, na hela isiyo na tundu utaifungaje? Mama Kosta aliziba macho kwa viganja viwili. Alipofungua, Kaisari alikuwa ananing'inia kwenye uzi wa ngozi mkononi mwa Udagwenga, na mkono huo sasa ulikuwa nje ya shuka, juu kabisa, unapunga kwa kila mtu.

Sasa Babati ni makao makuu ya mkoa. Ofisi zimeota, wageni wanaingia kila basi, na bajaji zinapiga honi mahali palipokuwa uwanja wa kuku. Jirani yangu, Mama Neema, amekuja na mumewe kwa kazi ya ofisini, mtu mwema. Juzi aliniambia kwa kicheko, "Bibi, nisamehe, nyie wazee wa hapa mkijifunga shuka siwezi kuwatofautisha. Mgorowa, Mwiraki, Mbarbaig, kwangu wote mmoja." Sikukasirika. Nilimsogezea kigoda karibu na mlango penye mwanga, bibi mmoja alikuwa anapita barabarani na mzigo wake wa kuni, nikamwambia, "Kaa hapa mama, utazame. Tuanze na yule."