Wivu wa Kazan

Juzi, kwenye basi la mtaa wa Mirdif, huku ughaibuni tunakofanya kazi, mfanyakazi wa ndani alimwonyesha mwenzake picha za Kazan, mji wa Urusi alikopelekwa na madam wake kulea watoto safarini.

“Huu msikiti wa Watatari. Uko ndani ya ngome.”

Mwenzake alipitisha kidole haraka, picha baada ya picha. “Wewe uko wapi, shoga?”

“Nilikuwa napiga.”

“Zote?”

“Zote. Na mtoto mgongoni.”

“Basi hukwenda!” Akamrudishia simu, akageukia dirisha. Tulipita vituo viwili. “Madam wangu akisafiri sana anaishia Hatta, hapo milimani.”

Kisha akanyoosha mkono. “Hebu nione tena huo msikiti.”

Nami, kiti cha nyuma, nikainama mbele. Sijafika hata Hatta.