Wilaya Juu ya Mkeka

Nikinusa uyoga mkavu, narudi kwenye chumba chetu cha Guangzhou. Mama, Mrusi wa kijijini, alinipangia wilaya ya kwao juu ya mkeka: uyoga ndio msitu, uzi ndio mto, mchele ndio mashamba ya ushirika yaliyoota magugu. Kando ya msitu akaweka kifungo cha koti lake.

"Bibi yako yupo hapa. Nataka kurudi."

Baba alikuwa amerudi sokoni mikono mitupu. "Mama watoto, kiwanda cha kitani kule siku hizi kinalipa watu mataulo badala ya mshahara. Utatafuna mataulo?"

Chakula kingine hatukuwa nacho. Mama akazoa mashamba, akazoa msitu, akainjika sufuria. Tukala. Kifungo kilibaki mkekani, na hakuna aliyethubutu kukiokota.