Kioo cha Mwisho

Juzi, katika duka la nguo Kileleshwa, nilijiona mnene sana nikamwambia muuzaji kioo chake kimepinda. "Hapana madam," akasema, "hiyo iko sawa."

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa amekonda sana siku ile Baba alipotutoa nyumbani Woodley kutupeleka kwenye bustani ya michezo mjini. Watoto wengine walipiga foleni ya boti. Sisi tuliingia kibanda cha vioo, ambacho hakikuwa na mtu, kwa sababu Mama hangeweza kusimama kwenye foleni. Ndani kulinuka rangi ya mafuta, na huko nje bisi zilikuwa zikipasuka kwenye mashine.

Kioo cha kwanza kilinirefusha kama mlingoti. Cha mwisho kilimnenepesha Mama. Mashavu yakarudi, shingo ikajaa, na sweta lake likamtosha.

Wageni waliokuja nyumbani walikuwa wakisema, "Akipona atanona tu," nami nilidhani ni neno moja ambalo watu wazima hulitamka namna mbili.

"Mami umenona!" nikapiga kelele. "Baba, kuja uone, Mami amepona!"

Baba alitazama viatu vyake. Mama aliweka kiganja kwenye kioo, akasema polepole, "Ngojeni kidogo. Bado najiangalia."

Tukangoja hadi boti zikafungwa. Krismasi haikumkuta.

Sikununua ile nguo. Siku hizi najua kwamba ni maneno mawili. Mimi nimenona tu.