Ufunguo Ndani ya Kofia

"Mia sita za nini, fundi, na namba nimeandika mwenyewe?"

Huyo ni msimamizi wa ofisi ya misaada ya mafuriko, hapa Garsen. Aliniita kwa kuwa kompyuta yake yenye mfumo wa Linux ilikataa mtandao usio na waya. Nikamwomba namba ya ufunguo wa mtandao huo.

"Hiyo siri. Geukia ukuta."

Nikageuka. Akaandika huku akichungulia karatasi aliyoishonea ndani ya kofia. Mtandao ukakataa, mara nne.

"Mzee, usinitajie. Hesabu tu, ziko tarakimu ngapi?"

"Tisa."

"Ufunguo wa aina hii huwa na kumi. Fumua huo mshono."

Tarakimu ya mwisho ilikuwa chini ya uzi. Akaiandika, mtandao ukashika.

Siri yake siijui, wala siitaki. Nataka mia sita zangu.