Shangazi yangu aliolewa kwa bao la ng'ombe: hoki ya nyumbani kwetu Karagwe

Wakuu, salaam. Mnaonizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani hampo.

Nasimulia ya kwetu miaka ya hamsini, na ni kweli tupu. Nina binamu zangu humu, nikidanganya watanisuta.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu, na shabiki wa hoki tangu nikiwa na meno ya utoto. Mkishangaa hoki na Karagwe wapi na wapi, mlaumuni baba.

Baba alikuwa mfugaji. Safari moja alipeleka ng'ombe Bukoba, akawakuta Wagoa wanacheza mpira wa magongo. Alirudi hasemi kingine.

Fimbo tunazo, akasema. Mpira tukafunga kwa maganda mabichi ya mgomba. Uwanja ukawa tambarare karibu na birika la ng'ombe. Wachezaji familia nzima, kipa mimi.

Basi akatokea Byabato, kijana wa watu wa kahawa na ndizi kutoka Nkwenda, anamtaka shangazi Koku. Shangazi naye alishakufa akaoza kwake.

Baba, kaka mtu, hakutaka hata kusikia. Mwisho akatoa sharti: Byabato atufunge bao moja kabla jua halijazama, ndipo washenga waje. Asipofunga, asahau.

Siku ya mechi shangazi hakula kitu.

Byabato alikuja na ndugu zake. Refa nani? Baba huyohuyo! Kila wakikaribia goli anatangaza faulo, au ofsaidi, ambayo hata yeye hakuielewa.

Jua linaelekea kuzama, Byabato akatutoka wote, akabaki na mimi. Baba akaona hatari, akapiga mluzi.

Sasa wakuu, kwetu mluzi wa jioni ulikuwa na maana moja tu: ng'ombe njooni mnywe maji ya chumvi. Na birika lilikuwa nyuma ya goli langu.

Likaja kundi zima. Ndugu zake Byabato walitimua mbio, yeye akabaki amesimama. Ng'ombe mmoja mwekundu akauokota mpira, akautafuna taratibu, akameza, akapita katikati ya goli kwenda kunywa.

Nani angemzuia? Mimi nilishapanda kichuguu.

Baba akasema mchezo umevunjika. Bibi, mama yake, akamuuliza mpira uko wapi. Akajibu uko tumboni mwa ng'ombe.

"Na ng'ombe amepita wapi, mwana wange?"

Baba akageuka kulitazama goli.

"Basi hilo ni bao. Washenga waje."

Shangazi alilia kwa furaha, na mimi kipa niliyefungwa nikalia naye.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya kanisa, Byabato alikuwa uwanjani kwetu. Walibishana na baba kuhusu bao lile miaka na miaka. Baba alipozeeka na miguu ikagoma, wanawe tulikuwa mbali. Byabato ndiye aliyembeba mgongoni hadi uwanjani, akamketisha, na baba akaendelea kumpigia faulo.

Nilichojifunza: usimfungie mtu mlango mapema, hujui nani atakubeba.

Haya, mngekuwa marefa, bao lile mngelikubali? Wenye roho ya baba nao waseme, siwanunii.